Mabingwa wa maji ya chini: jinsi Ulaya inavyomvua trauti kwa tunutu

Mwaka 1938 wanachama wa Flyfishers' Club ya London waliketi kujadili swali moja: je, ni uungwana kumvua samaki aina ya trauti kwa chambo kinachozama? Upande mmoja ulisimamia mafundisho ya Frederic Halford, aliyefariki mwaka 1914. Vitabu vyake vilikuwa vimewaaminisha wavuvi wa kusini mwa Uingereza kwamba njia ya heshima ni moja tu, nayo ni nzi bandia anayeelea, atupwe mbele ya samaki anayeonekana akila juu ya maji. Upande wa pili alikuwepo George Edward Mackenzie Skues, mwanasheria aliyekuwa na umri wa miaka 79. Tangu alipochapisha kitabu chake Minor Tactics of the Chalk Stream mwaka 1910, Skues alikuwa akishikilia kwamba samaki hupata chakula kingi chini ya maji, na mvuvi mwenye akili humfuata huko huko.

Wengi wa wasikilizaji hawakuwa upande wake. Miaka iliyofuata ndiyo iliyompa haki yake.

Leo ubingwa wa dunia wa uvuvi wa nzi bandia hupatikana kwa sehemu kubwa chini ya maji, na ubishi umehama. Sasa mabishano ni kuhusu namna ya kufika huko: Mpoland ana yake, Mcheki ana yake, Mfaransa na Mhispania nao wana zao. Ukiwasikiliza mashabiki, utadhani kila taifa lilizaliwa na siri yake. Ukiitazama mito yenyewe, utaona jambo lililo wazi zaidi. Kila staili ni jibu la maji fulani, na mtu anayebeba jibu la mto mmoja kwenda kulitumia kwenye mto mwingine bila kutazama, hurudi mikono mitupu.

Kwanza, ni nini hasa kinachoigizwa? Wadudu wengi wa mtoni huishi sehemu kubwa ya maisha yao majini wakiwa tunutu au mabuu, yaani wachanga wasio na mbawa. Wako wanaotambaa juu ya mawe, wako wanaojijengea vijumba vya changarawe, na wako wanaosuka nyavu ndogo za kunasa chakula kinachopita. Huishi hivyo kwa miezi mingi, aghalabu mwaka mzima au zaidi, kisha hupanda juu, huota mbawa, hujamiiana na kufa kwa muda mfupi mno, wengine ndani ya saa chache. Trauti anayesubiri wenye mbawa peke yao atashinda na njaa siku nyingi. Tunutu wapo majira yote, kiangazi na baridi, na mkondo huwang'oa mawe kwa mawe na kuwapitisha mdomoni pake.

Sasa tazama mkondo wenyewe, maana hapa ndipo penye fumbo lote. Maji ya mto hayaendi kwa mwendo mmoja. Yaliyo juu hukimbia. Yaliyo chini husuguana na mawe na kupunguza kasi, na nyuma ya jiwe kubwa huweza kusimama kabisa. Trauti anaijua hesabu hiyo. Hukaa kwenye maji ya polepole ili asichoke, akanyoosha shingo kidogo tu kuchukua kinachopita karibu. Mvuvi anapotupa chambo chake kwa mshipi mnene wa kawaida, mshipi huo hulala juu ya maji ya kasi, ukapinda, ukakikokota chambo kule chini kwa mwendo ambao hakuna tunutu hai anaouweza. Samaki huona mdudu anakimbia kuliko maji yaliyombeba. Humwacha apite.

Kwa hiyo kila staili inayojadiliwa hapa inapambana na mambo matatu: kuuondoa mshipi mnene kwenye maji ya juu, kukizamisha chambo haraka mpaka karibu na mawe, na kujua samaki amedonoa kabla hajatema. La tatu ndilo gumu kuliko yote. Trauti huonja na kutema mara moja, na mvuvi asiye na mawasiliano na chambo chake hatajua kamwe kwamba kulikuwa na mgeni.

Hatua ya kwanza kubwa ilifanywa na mtu asiye na cheo. Frank Sawyer, aliyezaliwa mwaka 1906, alikuwa mlinzi wa mto Avon huko Netheravon, katika jimbo la Wiltshire. Kazi yake ilikuwa kukata majani ya mtoni, kusafisha tope na kulinda samaki, na kwa kuwa alishinda mtoni kila siku, aliona mambo ambayo wageni wa mwisho wa wiki hawakuyaona. Aliona kwamba tunutu anapoogelea hubana miguu yake mwilini. Miguu ya manyoya ambayo wavuvi walizoea kuifunga kwenye ndoana ilikuwa pambo tu, tena pambo lililozuia chambo kuzama. Akaiacha. Akachukua nyuzi za unyoya wa mkia wa ndege aitwaye fezanti, akazifunga kwenye ndoana kwa waya mwembamba wa shaba badala ya uzi, na waya huo huo ukawa ndio uzito. Mpaka leo chambo hicho kimo katika karibu kila kijisanduku cha mvuvi wa trauti duniani. Kitabu chake Nymphs and the Trout kilitoka mwaka 1958.

Jirani yake, Oliver Kite, aliisukuma hoja hiyo mpaka ukingoni: alivua kwa ndoana tupu iliyoviringishiwa waya wa shaba, bila unyoya hata mmoja, na samaki wakala. Wawili hao walifundisha pia mbinu ya kuinua ncha ya ufito pale chambo kinapomkaribia samaki, ili kionekane kama mdudu anayeanza safari ya kupanda juu. Trauti aliyekuwa amekipuuza hushtuka na kukifuata. Ni mbinu ya macho. Inahitaji maji maangavu na samaki anayeonekana, na mito ya kusini mwa Uingereza inayobubujika kutoka kwenye miamba ya chokaa ina vyote viwili: maji meupe, mkondo mtulivu, majani ya kijani yanayocheza.

Chukua mbinu hiyo, ipeleke kwenye mto Dunajec kusini mwa Poland, na hutaona kitu. Dunajec hushuka kutoka milima ya Tatra, ukipiga mawe na kutoa povu. Samaki haonekani, na chambo chepesi cha Sawyer hupita juu ya kichwa chake kabla hakijazama hata shubiri moja.

Wapoland walilitatua hilo kwa kusogea karibu. Katika miaka ya utawala wa kikomunisti, mishipi mizuri ya kiwandani ilikuwa adimu na ghali kwao, na inasimuliwa sana miongoni mwa wavuvi kwamba uhaba huo ndio uliowafundisha kuvua kwa uzi mfupi wa nailoni chini ya ncha ya ufito, bila kutupa mshipi mbali. Iwe uhaba au ubunifu, matokeo yalikuwa makubwa. Mvuvi huingia majini mpaka mapajani, akasimama hatua chache tu kutoka kwa samaki, akijificha kwa povu na msukosuko wa maji. Hutupa chambo kizito juu kidogo ya mkondo, akakiacha kizame, kisha akanyoosha mkono na kukiongoza kishuke mbele yake, uzi umekaza, mshipi wote uko hewani. Mtupo mmoja humalizika kwa sekunde chache. Anainua ufito polepole, anatupa tena. Kipande cha mto chenye ukubwa wa chumba huweza kupigwa mitupo mingi bila mvuvi kusogea.

Vyambo vyenyewe vilikuwa kazi ya mikono hasa. Mafundi wa Poland walisuka miili ya mabuu kwa nyuzi za rangi mbili, mgongo mweusi na tumbo la njano au krimu, juu ya ndoana iliyozungushiwa risasi. Władysław Trzebunia, mmoja wa mabingwa wao, anajulikana pia kwa chambo cha mnyoo alichokitengeneza kwa kipande cha kondomu, kwa sababu mpira ule mwembamba huonyesha rangi ya ndani na kung'aa kama ngozi ya mnyoo aliyelowa.

Dunia ilifahamu haya kwenye mashindano. Mashindano ya dunia ya uvuvi wa nzi bandia yalianza mwaka 1981 huko Luxembourg, na miaka ya mwanzo ubingwa wa mtu mmoja mmoja ulikwenda kwa watu wa kila namna. Wa mwaka 1984, kule Hispania, ulichukuliwa na Mwingereza Tony Pawson, aliyewahi kuichezea Kent kriketi na timu ya Uingereza soka katika Olimpiki ya mwaka 1952. Mwaka uliofuata mashindano yalifika Poland. Wenyeji wakatwaa ushindi, na Lesław Frasik akawa bingwa wa dunia. Mwaka 1989, nchini Finland, ikawa zamu ya Trzebunia.

Majirani zao walikuwa wakitazama. Wavuvi wa Czechoslovakia waliichukua mbinu ya uzi mfupi katika miaka hiyo hiyo ya katikati ya muongo wa 1980, wakaipeleka kwenye mito yao, wakaifanyia kazi, na mwaka 1986 Slavoj Svoboda akawa bingwa wa dunia huko Ubelgiji. Kuanzia hapo magazeti ya uvuvi ya Magharibi yakaanza kuiita staili ya Kicheki, na jina hilo likaganda. Wapoland hawajalisahau. Mwamba ngoma huvutia kwake, na hadi leo wavuvi wa pande hizo mbili huweza kukesha wakibishana nani alimfundisha nani. Kwa ushahidi uliopo, mzizi ni wa Poland; lakini itakuwa dhuluma kuwanyima Wacheki jasho lao.

Wao walileta mpangilio. Staili ya Kicheki iliyozoeleka hutumia ufito wa futi 9 au 10, uzi usiozidi sana urefu wa ufito huo, na vyambo vitatu kwa mpigo, kizito zaidi kikiwekwa katikati au mwishoni kulingana na kina. Chambo chao mashuhuri, bobeš, kimepinda mgongo kama buu halisi na kina tumbo la manyoya ya sungura yaliyochanwa ili yatikisike majini. Huigiza mabuu wa kijani wanaotembea bila nyumba juu ya mawe, au uduvi wadogo wa maji baridi. Karel Křivanec, mmoja wa waandishi wakuu wa somo hili nchini humo, aliikusanya elimu hiyo katika kitabu kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 2007, na humo msomaji anaona jinsi mambo yanayoonekana madogo, kama umbali kati ya chambo na chambo au mahali pa kuanza kuinua mkono, yalivyopimwa na kubishaniwa na kizazi kizima.

Ni vigumu kuielewa staili hii bila kumtaja greilingi, samaki wa fedha mwenye pezi kubwa la mgongoni, ndugu wa trauti. Greilingi hukaa chini kabisa, tena kwa makundi, na haogopi sana kivuli cha mtu. Mvuvi anayepita na vyambo vitatu vizito mbele ya kundi la namna hiyo hupata nafasi ya pili na ya tatu. Trauti mkubwa katika maji maangavu hatoi nafasi hizo. Akiuona ufito ukipita juu yake, ameondoka.

Na hapo ndipo anapoingia Mfaransa.

Mito ya milima ya Jura, kama Ain, Doubs na Loue, hutoka kwenye miamba ya chokaa na kutiririka kwa uangavu unaoshangaza. Chanzo cha Loue ni pango kubwa ambalo mchoraji Gustave Courbet, mzaliwa wa Ornans, bonde hilo hilo, alilichora zaidi ya mara moja. Trauti wa huko ni wakubwa, wamevuliwa na vizazi vingi vya wavuvi hodari, na wanajua kila hila. Kumsogelea mmoja wao kwa umbali wa ufito ni kumfukuza.

Wafaransa wakarefusha uzi. Badala ya mita tatu, mita saba, nane, hata kumi na zaidi, ukipungua unene kidogo kidogo mpaka mwisho wake uwe mwembamba kama unywele, milimita 0.10 au 0.12. Mshipi mnene hubaki kwenye gurudumu au kwenye pete za ufito. Kinachoruka hewani ni uzi na chambo kimoja au viwili vyepesi. Mvuvi husimama nyuma ya samaki, upande ambao mkondo unaelekea, akatupa kwenda juu, kisha akawa anaurudisha uzi kwa mwendo ule ule wa maji. Hakiongozi chambo kama anavyofanya Mpoland. Anakifuata. Kati ya uzi kuna kipande chenye rangi kali, njano au chungwa, pengine kimezungushwa kama springi ndogo na kupakwa mafuta ili kielee. Kipande hicho ndicho mkono na sikio la mvuvi. Kikisita, kikinyooka, kikienda kando hata kwa upana wa kidole, anainua ufito.

Staili hiyo ilipofikishwa mashindanoni, Ufaransa ikawa taifa la kuogopwa. Pascal Cognard alitwaa ubingwa wa dunia mara tatu, mwaka 1994 nchini Norway, 1997 nchini Marekani na 2000 nchini Uingereza. Sababu haikuwa uzi peke yake. Katika mashindano, kipande kimoja cha mto huvuliwa na mtu tofauti kila kipindi, na samaki hurudishwa majini baada ya kupimwa. Kufikia siku ya tatu samaki waliobaki wamesogea mbali na wamejaa hofu. Mwenye uwezo wa kuvua kutoka mbali kwa chambo kidogo ndiye anayepata wale ambao wengine wamewaacha.

Kuna mbinu nyingine ya Kifaransa inayostahili kutajwa kwa heshima, nayo ni kumvua samaki mmoja aliyeonekana. Mvuvi hutembea ukingoni bila kutupa chochote, pengine asubuhi nzima, akitafuta trauti anayekula. Akimpata, hukaa na kumtazama: anakula kina gani, anageuka upande upi, anarudi wapi. Ndipo hutupa mara moja au mbili. Kwa hesabu ya samaki, ni njia ya hasara. Kwa hesabu ya ufundi, hakuna iliyo juu yake, na inafanana sana na yale Skues na Sawyer waliyoyaishi.

Mito hiyo inaumwa. Majira ya baridi ya 2009 kuelekea 2010, trauti na greilingi walikufa kwa wingi katika mto Loue, na tangu wakati huo wanasayansi na wakulima wa bonde lile wamekuwa wakijadili mbolea, maji taka na mwani unaosonga mawe. Jambo hili halipaswi kupitwa haraka katika makala kuhusu tunutu. Wadudu hawa wengi hawavumilii uchafu. Wakitoweka, samaki hufuata, na uzi wa mita kumi hauna kazi tena.

Wahispania walisimama katikati. Mito mingi ya kaskazini mwao, kule León na Asturias, ina kasi kama ya Dunajec na uangavu unaokaribia wa Jura kwa wakati mmoja, hivyo walihitaji kuvua kutoka mbali na bado kuzama haraka. Walichukua uzi mrefu, wakachukua na ufito mrefu zaidi, futi 10 na nusu, 11 na kuendelea, wenye ncha laini unaoweza kushikilia uzi mwingi hewani. Chambo chao ndicho mchango wao mkubwa. Kinaitwa perdigón, jina la vidonge vya risasi vya bunduki. Hakina manyoya ya tumbo, hakina miguu. Ni mwili mwembamba wa uzi uliopakwa vanishi au gundi ngumu mpaka ukateleza kama kioo, mbele kuna ushanga mzito, nyuma kuna nyuzi chache za mkia. Sawyer aliondoa miguu. Wahispania wakaondoa kila kitu kinachoshika maji. Kinazama mara tu kinapotupwa.

Na zile nyuzi za mkia zina historia ndefu kuliko uvuvi wa tunutu wenyewe. Katika bonde la mto Curueño, León, hufugwa majogoo ambao manyoya yao magumu, yenye mng'ao na madoa, yamekuwa yakitumika kufunga nzi bandia kwa karne nyingi. Hati ya Astorga ya mwaka 1624 tayari inaeleza vyambo vilivyofungwa kwa manyoya ya aina hiyo. Jogoo hachinjwi, huchunwa manyoya ya mgongo kwa awamu, yakaota mengine.

Ushanga nao unahitaji maelezo, kwa sababu ndio uliobadilisha hesabu ya staili zote. Risasi ina msongamano wa takriban gramu 11.3 kwa sentimita moja ya ujazo. Tangsteni hufikia 19.3. Maana yake ni kwamba chambo kidogo kama punje ya mchele sasa kinaweza kuzama haraka kuliko bobeš nene ya zamani. Ushanga huo ulipowekwa kwenye ndoana iliyopindwa shingoni, chambo kikageuka na kwenda ncha ikiwa juu, kikawa hakinasi mawe ovyo. Kwa mabadiliko hayo mawili Mcheki hakulazimika tena kutumia vyambo vitatu vinene, na Mfaransa aliweza kuingia kwenye maji ya kasi aliyokuwa akiyaepuka.

Kanuni za mashindano ziliuchonga uvuvi huu zaidi kuliko mashabiki wanavyokiri. Zinakataza kuweka chubwi kwenye uzi. Uzito wote uwe ndani ya chambo chenyewe. Zinakataza boya. Zinaruhusu vyambo visivyozidi vitatu, na ndoana zisiwe na kijino cha kukwamisha. Mvuvi aliyenyang'anywa chubwi na boya hubaki na uzito wa chambo, rangi ya uzi na mkono wake, na ndiyo sababu staili zote hizi zina hisia kali namna ile. Baadaye nyuzi ziliporefuka kupita kiasi, waendesha mashindano waliweka kikomo: uzi usizidi mara mbili ya urefu wa ufito. Wafaransa na Wahispania ndio waliobanwa zaidi na kanuni hiyo.

Wamarekani, walioyaona haya wakiwa washiriki wa mashindano, waliyachanganya yote katika chungu kimoja na kuyaita uvuvi wa tunutu wa Ulaya. Kibiashara limekuwa jina lenye faida: kuna fito zake, mishipi yake myembamba na nyuzi zake. Kwa mwanafunzi lina hasara, kwani linaficha tofauti iliyo muhimu kuliko zote, nayo ni umbali. Mpoland na Mcheki huvua chini ya ncha ya ufito, wakihisi kwa mkono. Mfaransa na Mhispania huvua mbele yao, wakisoma kwa macho. Mtu akijua asimame wapi na ategemee kiungo gani, mengine yatajipanga.

Wako wanaosema huu si uvuvi wa nzi bandia, kwa kuwa mshipi hautupwi na uzuri wa mshipi ukiviringika hewani umepotea. Wanalolililia ni la kweli. Ule uzuri upo. Lakini hoja hiyo inakaribia sana ile ya mwaka 1938, na samaki hawakuwahi kuikubali. Malalamiko yenye uzito ni mengine: njia hizi zina nguvu mno. Mvuvi hodari anaweza kuwapitia karibu samaki wote wa kidimbwi kimoja kwa saa moja, na akikanyaga changarawe ambamo trauti wametaga, huua kizazi kwa viatu vyake. Nguvu hiyo inadai kiasi. Ndoana isiyo na kijino, samaki asitolewe majini kwa muda mrefu, na mahali pa kutagia paachwe kabisa katika majira yake.

Afrika Mashariki ina sehemu mbili katika habari hii. Trauti si mwenyeji wa mito yetu. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan alileta Kenya mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, na vifaranga wakatiwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Kutoka hapo walienea, wakaongezewa trauti wa upinde wa mvua, na leo wanapatikana kwenye mito ya Aberdare na Mlima Kenya kama Chania, Thego na Thiba. Tanganyika nayo ilipandikiziwa trauti, kwenye mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu kusini.

Sehemu ya pili haisemwi sana, na inastahili kusemwa kwa sauti. Kenya ni mojawapo ya vituo vikubwa duniani vya kufunga nzi bandia kwa mkono. Kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill ina kiwanda chake huko, na ziko karakana nyingine nyingi ndogo. Perdigón inayomnasa trauti wa Ufaransa, au unyoya wa fezanti wa Sawyer unaouzwa dukani London, mara nyingi umefungwa na fundi wa Kenya, aliyehesabu mizunguko ya waya na kupima mkia kwa jicho. Wengi wa mafundi hawa hawajawahi kuvua kwa kazi ya mikono yao. Wavuvi wa Ulaya wanaosifu chambo wangefanya haki kumsifu na aliyekifunga, na kumlipa ipasavyo.

Msomaji anayetaka kujaribu kwenye mito hiyo asianze na uzi mrefu wa Kifaransa. Gura na mingine ya Aberdare hushuka kwa kasi kati ya mawe makubwa, yenye vidimbwi vifupi na povu jingi, na hayo ni maji ya Kipoland. Chukua leseni kwanza. Tafuta ufito wa futi 10, uzi unaolingana na ufito, na chambo kimoja tu chenye ushanga wa tangsteni. Simama nyuma ya jiwe, tupa karibu, inua mshipi wote hewani na ukiongoze chambo kwa mwendo wa maji ya chini, si ya juu. Ukiona uzi umesita, inua ufito mara moja bila kujiuliza kama ni jiwe au ni samaki. Uzi mrefu usubiri kiangazi, maji yatakapopungua na kuwa maangavu, na trauti waanze kukuona kabla wewe hujawaona.